Mgeni Njoo, Fundi Apone

Siku hizi kuna vipimo vya kisasa vya unyevu wa mchanga wa kusubia, lakini fundi mzoefu bado hukiuliza kiganja chake. Huchota mchanga, akaufumba ngumi, kisha akafumbua taratibu. Tonge likibaki limesimama na alama za vidole zikionekana, na akilivunja likakatika mahali pamoja bila kutawanyika, mchanga umekubali. Ukiwa mkavu mno, kingo za kalibu zitabomoka kabla madini hayajamiminwa. Ukiwa na maji mengi, mvuke utatafuta njia ndani ya madini ya moto, na chombo kitatoka na matundu. Kati ya pande hizo mbili nafasi ni nyembamba, nayo hubadilika na hali ya hewa: asubuhi ya mvua haifanani na mchana wa kiangazi. Mpishi wa chapati anayeongeza maji kidogo kidogo kwenye unga anaijua shughuli hii.

Kazi ya kusubu ndiyo iliyoujenga mji wa Takaoka, mkoani Toyama, upande wa nchi unaotazama Bahari ya Japani. Mwaka 1611 mtawala wa eneo hilo, Maeda Toshinaga, aliwaita mafundi saba wa kusubu akawapa makazi katika mtaa wa Kanaya-machi, ili mji wake mpya uwe na kazi ya mikono. Walianza na vyungu vya chuma na zana za kilimo. Vizazi vilivyofuata vikahamia kwenye shaba na michanganyiko yake: vyombo vya madhabahu za Kibuddha, vyetezo, vyombo vya maua, kengele za mahekalu. Zaidi ya miaka 400 imepita, na Mjapani akitajiwa Takaoka bado hufikiria vyombo vya shaba.

Katika mji huo kuna kampuni iitwayo Nousaku, iliyoanzishwa mwaka 1916. Nataka kuizungumzia kwa sababu imefanya jambo ambalo wenye viwanda wengi hulitazama kwa mashaka: imefungua mlango na kuwaacha watu waingie kutazama. Mazungumzo ya utalii wa viwandani huchukulia kwamba anayefaidika ni mgeni. Kwa mfano, mwaka 1950 Toyoda Eiji wa Toyota alikwenda Marekani akatembezwa katika kiwanda cha Ford cha River Rouge, na mwaka uliofuata Toyota ikaanzisha utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, kwa kufuata mfano ulioonekana huko. Ni kisa kizuri, na husimuliwa sana. Lakini wahenga wetu walipomkaribisha mgeni walikuwa na hesabu nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nousaku ni mwenyeji aliyepona.

Tukae kwanza kwenye kazi yenyewe, maana asiyeijua hataelewa wageni wanakuja kuona nini.

Kielelezo cha mbao huwekwa juu ya ubao, na fremu huwekwa kukizunguka. Fundi hukinyunyizia unga mwembamba ili mchanga usikigande, kisha huanza na chekecheo. Mchanga wa kwanza, ule utakaogusana na madini, lazima uwe laini kuliko wote, kwa kuwa chombo kitarithi kila chembe yake. Huushindilia kwa vidole kwenye pembe na mikunjo, ndipo ajaze mchanga mwingine na kuushindilia kwa kifaa. Hapa pana hesabu isiyoandikwa. Akishindilia kidogo, uzito wa madini utasukuma kuta za kalibu na chombo kitavimba. Akizidisha, hewa haitapata pa kupenya. Fremu ikijaa hugeuzwa, nusu ya pili hujengwa juu ya ile ya kwanza, kisha nusu hizo hutenganishwa ili kielelezo kitolewe.

Kutoa kielelezo ndiyo hatua ninayoiheshimu kuliko zote. Fundi hukigonga kidogo huku na huku kiachane na mchanga, akakiinua wima, bila haraka, bila mkono kutikisika. Kinachobaki ni uwazi wenye umbo la chombo kisichokuwapo bado. Ukingo ukivunjika, anaweza kuurekebisha kwa kijiko kidogo cha chuma na tone la maji, au akabomoa yote na kuanza upya. Fundi hodari anajua upi ni ufa wa kutengenezwa na upi utakaomletea aibu baada ya saa moja. Kisha huchonga mifereji: mmoja wa kuingizia madini, mwingine wa kutolea hewa. Upana wa ule wa kuingizia madini, na mahali unapogusa chombo, ndivyo vitakavyoamua kama madini yatafika kwenye ncha ya mbali kabla hayajapoa.

Halafu moto. Shaba ya njano, yaani ile iliyochanganywa na zinki, humiminwa ikiwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 au zaidi, na zinki inayoungua hutoa moshi mweupe. Mkono unaomimina haupaswi kusita. Ukisita hata kwa pumzi moja, mkondo wa kwanza utaanza kuganda, wa pili utakutana nao bila kuungana, na chombo kitabaki na mstari usiofutika. Ndiyo maana wakati wa kumimina hakuna mazungumzo. Baada ya hapo kalibu huvunjwa. Kazi yote ile ya vidole, iliyochukua muda kujengwa, hubomolewa kwa mapigo machache, na mchanga hautupwi: hupozwa, hupondwa, huchekechwa, hutiwa maji na kurudi mezani kujengwa tena. Chombo chenyewe huingia mikononi mwa watu wengine, wakerezaji na wang'arishaji, ambao kwa makali ya chuma, tupa na msasa hukiondolea ngozi yake mbichi.

Kwa miongo mingi Nousaku ilifanya kazi hii na kuishia hapo. Takaoka iligawa kazi: huyu husubu, huyu hukereza, huyu hutia rangi, huyu huchora nakshi, na wafanyabiashara wa jumla ndio waliouza. Aliyesubu hakumjua aliyenunua. Hakujua kama chombo kilipendwa au kilirudishwa, wala kama mwanamke aliyekinunua alikiweka sebuleni au alikificha kabatini. Aliletewa kielelezo, akasubu idadi aliyoambiwa, akalipwa. Mgawanyo huo ulileta ubora mkubwa, kwa sababu kila mtu alizama katika sehemu yake. Lakini pia ulimziba fundi macho. Soko la vyombo vya madhabahu lilipoanza kupungua, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua sababu.

Nousaku Katsuji aliingia kwenye kazi hii kutoka nje. Alikuwa amesomea upigaji picha, akafanya kazi ya picha za habari, akaoa katika familia ya Nousaku na kujiunga na kampuni mwaka 1984. Alifanya kazi ya kusubu kwa takribani miaka 18 kabla ya kuwa rais wa kampuni. Amesimulia hadharani kisa kimoja cha miaka hiyo. Mama mmoja aliomba kuja kuona kiwanda pamoja na mtoto wake. Wakiwa mbele ya mafundi, mama akamwambia mwanawe, kwa sauti iliyosikika, kwamba asiposoma kwa bidii ataishia kufanya kazi kama ya yule bwana.

Mtu mwingine angeamua kwamba wageni hawafai na mlango ufungwe. Katsuji aliona kinyume chake. Yule mama alisema alichokiona: watu wenye masizi wakifanya jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Hakuona kiganja kinachopima mchanga. Hakuambiwa kwa nini mmiminaji hasemi. Kama wakazi wa mji uliojengwa na kusubu hawakujua tena thamani ya kusubu, basi lilikuwa jukumu la wanaosubu kuwaonyesha. Naona uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko bidhaa yoyote iliyofuata.

Bidhaa zilifuata, na karibu kila moja ina sauti ya mtu wa nje ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ilitengeneza kengele ndogo ya mezani ya shaba ya njano, nyembamba na yenye mlio mrefu. Haikununuliwa, kwa kuwa Wajapani hawana desturi ya kuita mtu kwa kengele nyumbani. Wauzaji wa dukani ndio waliosema: mlio huu ni mzuri, mbona msiitundike iwe kengele ya upepo? Zikauzika kwa maelfu. Wauzaji hao hao wakasema wateja wanataka vyombo vya kulia. Shaba ya njano ina vikwazo vya sheria za usalama wa chakula, hivyo kampuni ikageukia bati, na hapo pakawa na mtihani mpya wa ufundi.

Nazungumzia bati lenyewe, madini, wala si mabati ya kuezekea. Huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, joto la chini kiasi kwamba fundi aliyezoea shaba lazima ajifunze upya lini amimine na mfereji uwe mpana kiasi gani. Na bati safi ni laini mno. Sahani nyembamba hupinda kwa nguvu za mikono, na ikipinda hutoa mlio mdogo wa kukwaruza, unaotokana na fuwele za ndani zinapohama. Wasubuji wengi huliongezea madini mengine ili ligangamale. Nousaku ilitaka bati tupu, asilimia 100, ikahangaika na ulaini huo hadi msanifu mmoja aliposema kwamba kama linapinda, basi na lipinde. Ndipo vikazaliwa vikapu viitwavyo KAGO. Hutoka kwenye kalibu vikiwa vipande bapa vilivyotobolewa, na mnunuzi huvivuta kwa mikono yake mwenyewe vikawa kikapu cha matunda, kesho akavikunjua na kuvipa umbo jingine. Kasoro iliyowasumbua mafundi ikawa ndiyo sababu ya kununua.

Hao wote hawakuwa watalii, nakubali. Walikuwa wauzaji, wateja, msanifu. Lakini somo lilikuwa limekwisha kueleweka: mtu asiyejua kanuni za karakana huuliza maswali ambayo ndani ya karakana yalikwisha kunyamazishwa. Mwaka 2017 kampuni ikalijengea somo hilo nyumba. Ilihamia kwenye kiwanda kipya kilichogharimu takribani yen bilioni 1.6, fedha nyingi kwa kampuni ya ukubwa ule, na kiwanda hicho kilipangwa tangu kwenye ramani kiwe cha kutazamwa. Kabla ya janga la korona kilipokea zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka.

Mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kumwonyesha mtu kazi nako ni ufundi. Mgeni akiingia hukutana na vielelezo vya mbao, takribani 2,500, vikiwa kwenye rafu kubwa na vimepakwa rangi mbalimbali. Si mapambo tu: mafundi huja hapo kuchukua kielelezo wanachokihitaji na kukirudisha. Ghala lililokuwa limefichwa gizani limewekwa mlangoni, na mgeni anajua kabla ya kuambiwa kwamba hapa kuna miaka mingi ya maumbo. Kisha hupita karibu na mafundi wakiwa kazini, kwenye mchanga, kwenye moto, kwenye mashine za kukereza. Anayetaka huingia kwenye darasa la vitendo, akashindilia mchanga kwa mikono yake. Kumimina bati huachiwa wafanyakazi. Akila katika mkahawa wa hapo, chakula huja kwenye vyombo vya bati. Na kuna meza yenye ramani ya mkoa na kadi za sehemu ambazo wafanyakazi wenyewe wanapendekeza zitembelewe, kwa hiyo mgeni aliyekuja kwa ajili ya kiwanda huondoka akienda kula na kulala kwa majirani.

Darasa lile la vitendo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa yote. Mtu aliyeshindilia mchanga mara moja, kalibu yake ikamomonyoka, hatakitazama tena kikombe cha bati kwa jicho lile lile. Ameonja ugumu kidogo tu, kiasi cha kumwezesha kumheshimu anayeuweza. Hapo bei ya kikombe haihitaji tangazo.

Upande wa mwenyeji, faida zimekuja kwa njia ambazo hesabu za viingilio zisingeonyesha, na ziara yenyewe ilianzishwa bila kiingilio. Kati ya hizo ni adhimisho la ndoa. Nchini Japani mwaka wa kumi wa ndoa huhusishwa na bati. Nousaku Chiharu, binti wa Katsuji, aliyesimamia shughuli za wageni na mwaka 2023 akawa rais wa kampuni, alianzisha mwaka 2019 huduma ya kuwakaribisha wanandoa waadhimishe miaka kumi yao pale kiwandani. Hakuna msubuji ambaye angebuni hilo akiwa amezungukwa na kuta. Lilihitaji mahali ambapo familia zilikuwa tayari zinaingia na kutoka.

Faida nyingine iko kwa vijana. Watengenezaji wengi wa kazi za jadi nchini Japani hulia kwamba hawapati wa kurithi. Nousaku imevutia vijana, na sioni ajabu. Kijana hawezi kuitamani kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa vizuri. Mlango uliofunguliwa kwa mtalii umefunguliwa pia kwa mtoto wa shule ya msingi wa Takaoka, ambaye sasa hupelekwa kuona kile kile ambacho mtoto wa yule mama alikiona bila kuelezwa.

Na kuna faida moja isiyopimika, ambayo ndiyo naithamini zaidi. Fundi anayetazamwa hulazimika kuipa maneno kazi yake. Mtu akimuuliza kwa nini anagonga kielelezo mara mbili na si mara tatu, itambidi afikiri. Pengine atagundua kwamba anafanya hivyo kwa sababu nzuri aliyoisahau, na sasa anaweza kumfundisha mwanafunzi. Pengine atagundua kwamba hakuna sababu, ila mwalimu wake alifanya hivyo. Vyote viwili ni mwanzo wa ubunifu, na vyote viwili vimeletwa na mtu ambaye pengine hatarudi tena.

Wenye viwanda wengi hufunga mlango kwa hofu ya siri kuibiwa, na hofu hiyo ina historia ndefu. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham katika karne ya 18, aliwakaribisha wageni kutoka kote Ulaya, kisha wapelelezi wa viwanda wakamfanya afunge milango. Hofu hiyo ina msingi pale siri inapokuwa mtambo au mchoro ambao mtu mwenye jicho kali anaweza kuuhifadhi kichwani. Ila ufundi wa mchanga haubebwi hivyo. Ukikaa jirani ya fundi mchana kutwa utaona kila kitu, na kesho yake kalibu yako itabomoka. Mwenye kiwanda anapaswa kujua siri yake iko wapi hasa. Pengine ni meza moja tu inayohitaji pazia, na karakana nzima iliyobaki ingeweza kuonwa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na kazi hii. Bati huchimbwa Kivu na Maniema nchini Kongo, Rwanda, na Kyerwa mkoani Kagera. Na katika miji yetu wapo mafundi wanaosubu sufuria nzito kwa alumini chakavu, kwa mchanga, fremu na nusu mbili za kalibu, kazi ambayo fundi wa Takaoka angeitambua kwa kuitazama mara moja. Wanafanya hivyo kwenye uwanja wa vumbi, bila mtu kuwauliza lolote zaidi ya bei. Mgeni makini angewauliza alumini hii ilikuwa nini kabla haijawa chakavu, maana chakavu inaweza kuwa na risasi ndani, na swali hilo moja lingewapeleka kwenye kuchambua malighafi, na kuichambua kungewapa sufuria bora, yenye jina la kutangaza. Wapo wenzetu waliokwisha kuthubutu. Kazuri, pale Karen jijini Nairobi, iliyoanza mwaka 1975 na wanawake wawili wakifinyanga shanga za udongo, huwatembeza wageni kuanzia kwenye udongo hadi kwenye tanuri. Arusha, karakana ya Shanga huwaonyesha wageni watu wenye ulemavu wakipuliza vioo kutokana na chupa zilizotupwa. Lakini viwanda vyetu vingi vya kati bado vina mlinzi getini na kibao cha kuwazuia wasio na shughuli, hata pale ambapo ndani kuna kazi ya kujivunia.

Kwa hiyo, wewe mwenye karakana ya kusubu, ya kushona viatu, ya kusindika korosho au ya kuchonga milango: huhitaji jengo la yen bilioni. Tenga Jumamosi moja kwa mwezi. Safisha njia ya kupita salama, weka kamba mahali pa moto, mchague fundi mmoja anayependa kueleza, na uwaite kwanza watoto wa shule iliyo jirani pamoja na walimu wao. Waache waulize. Mweke mtu wa kuandika kila swali kwenye daftari, na Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, lisome daftari hilo pamoja na mafundi wako wote.